Kabla Hujaandika "Mkaidi" Kwenye Ripoti: Mwongozo kwa Mwalimu Mwenye Mwanafunzi wa Usonji

Mvua ya Rungwe haianzi kwa matone, inamwagwa. Chini ya bati lisilo na dari unaweza kupasua koo na dawati la pili lisikusikie. Siku moja ya mwezi Machi, mwaka wangu wa 3 kazini, mvua ya namna hiyo ilinikuta nafundisha hesabu za sehemu darasa la tano. Wanafunzi zaidi ya 70 wakafanya kama siku zote: wakasogeleana, wakacheka, wakasubiri. Mmoja akaingia chini ya dawati, akavuta sweta mpaka likamfunika kichwa, akaanza kujitikisa mbele na nyuma. Nilimwita mara tatu. Mara ya tatu niliinama, nikashika sweta, nikamvuta nje. Akanipiga teke la goti. Mwisho wa muhula, kwenye nafasi ya tabia, niliandika maneno mawili: mkaidi, mgomvi.

Miezi kadhaa baadaye nilimwomba anichoree siku ile. Akachora bati, akachora misumari inayoshuka kutoka kwenye bati, na chini yake kichwa chenye meno makubwa. "Mvua ilikuwa inanipiga ndani ya meno," akasema. Kisha, bila hasira yoyote: "Na wewe ulikuwa unapiga kelele na mvua ilikuwa inapiga kelele. Mlikuwa sauti moja."

Nilikuwa nimemwita mara tatu. Yeye hakuwa amesikia jina lake hata mara moja.

Ninayoandika hapa ni kwa mwalimu wa darasa la kawaida, mwenye chaki na wanafunzi wengi kuliko madawati. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji (kwa Kiingereza autism), hali ya ubongo kupokea sauti, lugha na watu kwa namna tofauti. Kwa makadirio hayo, shule yenye wanafunzi 900 ina kama 7. Wengi wao hawajawahi kupimwa, na wanaitwa majina mengine: bubu, mtukutu, mpweke, "yule wa dirishani". Huna haja ya kusubiri karatasi ya daktari ndipo uanze. Hakuna hatua hapa itakayomdhuru mtoto asiye na usonji.

Hatua ya 1: Fungua daftari, uandike ulichokiona

Nunua daftari dogo la kurasa 40. Chora safu nne: saa, kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Jaza kwa wiki mbili kabla ya kuamua lolote.

Ugumu uko kwenye lugha. "Alifanya dharau mstarini" ni hukumu tayari. "Saa 1:40, kengele imegongwa karibu naye, ameziba masikio na kugeukia ukuta" ni jambo lililoonekana. Ukiandika kwa namna ya pili, siku ya nane au ya tisa daftari linaanza kukuonesha mpangilio. Langu lilionesha kwamba mtoto wangu wa "ugomvi" alikuwa na siku mbaya tatu tu kwa wiki, na zote zilianza na mchakamchaka. Siku ambazo mwalimu wa zamu aliruka mchakamchaka, hakugombana na mtu.

Hatua ya 2: Muulize mwenyewe

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, maana ndipo walimu wengi tunaporuka. Tunamuuliza mama, tunamuuliza mwalimu wa mwaka jana, tunamuuliza kiranja. Mwenye kichwa hatumuulizi, kwa sababu tumeshaamua kwamba hawezi kujieleza. Mara nyingi anaweza, ila si kwa njia tuliyoizoea.

Usimwite ofisini. Ofisi ya walimu ni mahali pa kuadhibiwa, kila mtoto anajua. Tembeeni pamoja kwenda kuchota maji, au mmwagilie bustani, au mpange vitabu. Kaa ubavuni kwake, usimkabili uso kwa uso. Sisi huku tumelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, na hiyo ni heshima, cha ajabu, tukishika chaki tunageuka na kufoka, "Niangalie ninapoongea na wewe!" Watu wengi wenye usonji wanaeleza kwamba kumtazama mtu machoni kunawamaliza: ama watazame, ama wasikie. Mwache atazame ndoo.

Usianze na "kwa nini". "Kwa nini ulimsukuma mwenzako?" kwa mtoto yeyote ni mashtaka, na kwa huyu ni mashtaka yasiyo na jibu, kwa sababu mara nyingi hata yeye anajua tu kwamba kitu kilijaa kikamwagika. Uliza vitu vinavyoshikika. Mimi hutumia ndoo: nachora ndoo tupu chini kwa kijiti na kumwambia aoneshe maji yalikuwa yamefika wapi wakati wa mstarini, wakati wa uji, wakati wa hisabati. Watoto ambao hawajawahi kunijibu sentensi nzima wamenichorea ndoo tano mfululizo, na ya tano ikiwa imefurika.

Ukishauliza, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka 10, ikibidi mpaka 20. Ukirudia swali kwa maneno mengine unamwanzisha upya, kama mtu anayehesabu fedha halafu ukamsemesha.

Swali "unajisikiaje?" ni gumu kuliko linavyoonekana. Wapo wanafunzi wa usonji ambao taarifa za mwili haziwafikii sawasawa. Njaa, baridi, haja ndogo vinakuja kwa kuchelewa au vinakuja vyote pamoja kwa kishindo. Mwezi Julai kule Makete au Mafinga, ukungu umetanda mpaka saa nne, utamwona mtoto amekaa na shati peke yake, midomo imebadilika rangi, na ukimuuliza atasema hana baridi. Hadanganyi. Usimuulize kama ana baridi. Mwambie: "Gusa vidole vyako. Ni vya moto au vya baridi? Vya baridi? Basi vaa sweta." Na kama sweta lenyewe linamwasha shingoni, avae shati lenye kola ndani yake. Ni jambo dogo, lakini nimeona mtoto akifukuzwa kwenda kuvaa sare kamili wiki nzima kwa ajili ya uzi wa sweta.

Asiyeongea kabisa naye ana la kusema. Kata karatasi ya manila vipande vya ukubwa wa kiganja, chora choo, maji, kelele, "inatosha", "bado", na kichwa kinachouma. Mwoneshe wewe kwanza jinsi ya kutumia: ukisikia kiu, gusa picha ya maji ndipo unywe. Na yule anayerudia maneno yako kama mwangwi, usidhani anakukebehi. Mwanafunzi mmoja kila akizidiwa alisema, "Abiria wa Makambako jiandaeni." Ilituchukua muda kuelewa kwamba aliisikia kwa kondakta siku alipotapika ndani ya basi. Kwake maana yake ilikuwa: nataka kushuka.

Hatua ya 3: Elewa unachoambiwa

Majibu utakayopata yatakushangaza, kwa hiyo ni vema ujue walichogundua waliotangulia.

Kwanza, sauti, mwanga, harufu na mguso. Tangu mwaka 2013 mwongozo wa Marekani unaotumiwa na madaktari kutambua usonji umeingiza jambo hili kati ya dalili zake: milango ya fahamu inaweza kupokea kupita kiasi, au kupokea kidogo mno. Mtoto huyohuyo anaweza kulia kwa mlio wa chaki na asisikie amejikata kidole.

Pili, umakini. Mwaka 2005 Dinah Murray, Mike Lesser na Wendy Lawson walichapisha maelezo ambayo mtu wa Kilolo au Njombe anayelima vinyungu, zile bustani za bondeni, atayashika haraka kuliko daktari. Watu wengi maji yao ya umakini yamegawanyika kwenye mifereji mingi midogo: mwalimu kidogo, jirani kidogo, njaa kidogo, dirisha kidogo. Mwenye usonji maji yake huelekea kuingia yote kwenye mfereji mmoja. Kinyungu hicho kinastawi ajabu na vingine vinakauka. Sasa wewe unakuja na kuziba mfereji ghafla: "Fungeni hisabati, toeni Kiingereza!" Maji hayahami kwa amri, yanafurika. Kinachoonekana kwetu kama ubishi wa kubadili somo ni hayo mafuriko.

Tatu, kutoelewana kuna pande mbili. Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba tunapenda kusema wenye usonji hawawaelewi wenzao, tunasahau kwamba sisi nasi hatuwaelewi wao. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake walichapisha jaribio linalofanana na mchezo wa kunong'onezana: hadithi inapitishwa kwa mtu mmoja hadi mwingine, watu wanane. Kundi la wenye usonji watupu liliifikisha vizuri sawa na kundi la wasio na usonji. Hadithi ilipotea zaidi kwenye kundi la mchanganyiko. Kwa hiyo mambo yakiharibika kati yako na yeye, usimwandikie yeye peke yake deni lote.

Hatua ya 4: Safisha maneno yako

Jisikilize siku moja tu. Sisi walimu tunaongea kwa mafumbo kutwa nzima.

"Hebu rudia ulichosema!" Darasa zima linajua maana yake ni nyamaza. Mwenye usonji atarudia, neno kwa neno, kwa sauti, na atachapwa kwa utiifu wake. "Unajua ni saa ngapi hizi?" Atakujibu: saa mbili na dakika kumi. "Kama hutaki kusoma, nenda nyumbani." Atachukua begi na kwenda. Haya nimeyaona yote matatu, na mara zote tatu ofisini tuliambizana kwamba mtoto ana kiburi.

Sema unachotaka kifanyike, jambo moja kwa wakati, ukianza na jina lake. "Acheni fujo" haimwambii la kufanya. "Keti, weka mikono juu ya dawati" inamwambia. Maelekezo yakizidi mawili, yaandike ubaoni.

Methali na nahau ni habari nyingine, kwa sababu zinatoka kwenye mtihani wa Kiswahili. Usimwachie ahisi. Mfundishe kama misamiati: kuvaa miwani ni kulewa, kutia chumvi ni kuzidisha habari. Akishajua kwamba ni lugha ya siri yenye orodha, wengine huipenda kupita kiasi. Nilikuwa na mmoja aliyejaza daftari zima la nahau, akawa anawasahihisha walimu.

Hatua ya 5: Badilisha kidogo darasani

Mkalishe pembeni, mgongo ukiwa ukutani, mbali na mlango na mbali na ile rimu ya gari tunayoita kengele. Ratiba ya siku iandike ubaoni au ichore kwenye manila, na kila kipindi kikiisha yeye mwenyewe akifute. Kabla ya kubadili somo, pita kwenye dawati lake na kumwambia: bado dakika 10. Kisha bado 5. Mruhusu amalizie mstari alioanza.

Mvua ikija, usifundishe kwa mdomo. Huo ni ushauri kwa darasa zima, maana hata wasio na usonji hawakusikii. Andika zoezi ubaoni, na yeye mruhusu kufunika masikio au kuhamia stoo ya vitabu.

Mstarini asimame mwisho wa safu, au aje baada ya wimbo. Hakuna atakayefeli kwa kukosa matangazo.

Na lile analolipenda, litumie. Yule wangu alikuwa na malori. Shule ilikuwa karibu na barabara kuu, naye alijua kila lori kwa idadi ya ekseli. Nilipoteza muhula mzima nikimwambia aache kuchora malori kwenye daftari la hisabati. Siku nilipoandika "Lori lina tairi 22. Ekseli ya mbele ina tairi 2, kila ekseli ya nyuma ina tairi 4. Ekseli za nyuma ni ngapi?" alijibu 5 kabla sijaweka chaki chini, kisha akaniuliza kwa nini sikutaja tairi ya akiba.

Hatua ya 6: Akizidiwa

Tofautisha deko na kuzidiwa. Mwenye deko anakuangalia kama unaona, na akipata alichotaka ananyamaza. Aliyezidiwa hajali nani anaona, na ukimpa alichotaka dakika tano zilizopita hakimsaidii tena. Wengine hawalipuki, wanazima: anainamisha kichwa, hajibu, mwili umelegea. Huyo naye amezidiwa, ingawa hasumbui mtu.

Ondoa wenzake, usimwondoe yeye. Punguza sauti yako mpaka karibu na kimya. Usimguse, labda kama kuna hatari. Kaa umbali wa hatua mbili tatu, chini ya usawa wa macho yake, usubiri. Inaweza kuchukua dakika 5, inaweza kuchukua 40. Akitulia mpe maji, na maswali yasubiri kesho.

Kuhusu fimbo: Waraka wa Elimu Na. 24 wa mwaka 2002 unasema anayechapa ni mwalimu mkuu au aliyemkasimu kwa maandishi, visizidi viboko 4, na viandikwe kitabuni. Kila mwalimu anajua jinsi waraka huo unavyofuatwa. Mimi naongeza tu kwamba kwa mtoto aliyezidiwa fimbo ni kelele nyingine juu ya kelele, na anachojifunza ni kukuogopa wewe. Kengele bado itamuuma.

Jambo moja la haraka hapa: kifafa huambatana na usonji mara nyingi kuliko kwa watu wengine. Mtoto anayeganda ghafla, macho yamekodoka, haitiki kwa sekunde kadhaa na kurudi bila kukumbuka, mpeleke hospitali.

Hatua ya 7: Mtafute asiyesumbua

Hasa wasichana. Shule moja ya bweni mkoani Iringa nilikutana na binti wa kidato cha pili, mwenye alama nzuri, mpole, aliyecheka wenzake wanapocheka. Kila Jumamosi alilala kutwa na matroni alimwona mvivu. Aliniambia alikuwa na orodha kichwani: mtu akisema hivi, cheka, akisema vile, sema "pole". "Jumatatu mpaka Ijumaa naigiza. Jumamosi naishiwa chaji." Hakuna mwalimu aliyekuwa na neno baya juu yake, na hakuna aliyemjua.

Kwa mwanafunzi wa aina hii msaada ni ruhusa: kukaa maktaba wakati wa mapumziko, kutolazimishwa kuwa kwenye kila kikundi, na Jumamosi yake iheshimiwe.

Hatua ya 8: Zungumza na nyumbani

Mzazi akiitwa shuleni anakuja amejiandaa kwa aibu au kwa faini. Salamu kwanza, na isiwe ya haraka. Kama ni mama wa makamo mpe shikamoo yake, kama uko Uheheni kamwene itawafungua wote wawili. Anza na anachokiweza mtoto. Mimi husema, "Mama, kijana wako anajua malori kuliko madereva. Nataka kujua nyumbani akisikia kelele mnafanyaje." Mama akishaona kwamba unauliza kama mwanafunzi, atakwambia mambo ambayo hakuna kitabu kinacho.

Usitamke ugonjwa. Wewe si daktari, na neno usonji likitoka kwako bila maandalizi litafika kwa baba likiwa laana. Sema ulichokiona, kutoka kwenye daftari, kisha mwelekeze kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri na hospitali ya wilaya, ambako anaweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

Utasikia habari za kurogwa, za mama kula kitu wakati wa ujauzito, za sindano ya surua. Hiyo ya sindano ilitokana na makala ya mwaka 1998 iliyochapishwa London, na jarida lenyewe liliifuta mwaka 2010. Usibishane. Mwambie mama kwamba hakuna alichokosea, umwambie mbele ya baba.

Hatua ya 9: Mkabidhi mwenzako daftari

Januari mtoto anapanda darasa na kila kitu kinaanza upya, isipokuwa daftari likitangulia. Toa ukurasa mmoja tu: kinachomjaza, kinachomtuliza, anavyoomba msaada, asichopenda kuambiwa. Kabla hujaukabidhi mpe mwenyewe ausome, au msomee, na umpe kalamu nyekundu.

Yule wa mvua aliusoma wake amesimama mlangoni, tayari kuondoka. Nilikuwa nimeandika, "Anapenda kukaa peke yake." Aliukata mstari huo kwa rula, taratibu, akaandika juu yake: "Napenda kukaa na mtu asiyeongea." Kisha akanirudishia kalamu, akaniuliza kama mwalimu wa darasa la sita anaongea sana.